Re: Bledi za kufuliwa na mipini ya grafiti, mguso unapotea?

Ndugu, umeuliza kama mipini ya grafiti, yaani nyuzi nyepesi za kaboni badala ya chuma, itaua ule mguso wa bledi za kufuliwa (fimbo za gofu zenye kichwa chembamba cha chuma), na kama itakisaidia kiwiko chako. Ninazo ayani (fimbo za gofu zenye kichwa cha chuma) za namna hiyo, mipini ya gramu 95, na mguso upo kabisa. Kichwa ni chuma laini cha kaboni kilichofuliwa, uzito umekusanyika nyuma ya katikati. Ukiupata mpira sawasawa, mikono haihisi karibu chochote, mpira unaondoka tu. Ukiupiga kuelekea ncha ya kichwa, fimbo inakuambia papo hapo na masafa yanapungua. Grafiti haifichi hilo. Inachopunguza ni ule mtetemo mkali unaopanda mkononi, na kwa kiwiko kinachouma hiyo ni sababu tosha.

Cha kuangalia sana ni uzito. Mpini wa chuma kama Dynamic Gold una gramu 130 hivi. Ukirukia 60 ghafla, mwendo wako wa kupiga utavurugika. Anzia 90 hadi 110, kisha fundi apime upya mizani ya kila fimbo. Na kwa wanaosema grafiti ni ya wazee, mchezaji gofu Mmarekani Bryson DeChambeau alishinda US Open ya 2020 akiwa na grafiti hadi kwenye ayani.

Kwa viwanja vya Nairobi, kumbuka nyasi za kikuyu hushika fimbo, na bledi ina tako (upande wa chini wa kichwa) jembamba linalozama haraka. Ningekushauri uweke haibridi (fimbo yenye kichwa kinene kidogo, rahisi kupiga kuliko ayani ndefu) badala ya ayani namba 4 na 5, bledi zianzie 6.