Kabla hujasema ni akili nyingi

Mama yangu,

Hapa nyumbani hatujambo, ni mvua tu imegoma. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwalimu wa darasa amekuita tena: mjukuu wangu wa darasa la tatu anamaliza hesabu kabla ya wenzake, kisha anazunguka kwenye madawati na kutaja majibu kwa sauti, na juzi kamsahihisha mwalimu mbele ya darasa. Unauliza, ni utundu au ni akili nyingi?

Huenda ni vyote, huenda si kimojawapo. Katika miaka yangu ya chaki nimewasikia wazazi wengi wakisema mtoto anasumbua kwa kuwa ana akili. Utundu si cheti. Kule California, mwanasaikolojia Lewis Terman alianza mwaka 1921 kufuatilia watoto wapatao 1,500 waliopata alama za juu sana katika vipimo vya akili, na kwa jumla aliwakuta wametulia. (Kipimo chenyewe nacho si msahafu: William Shockley na Luis Alvarez walipimwa utotoni wakaachwa nje ya utafiti huo, na wote wawili wakaja kupata Nobel ya fizikia.)

Ila Leta Hollingworth, aliyewafundisha na kuwachunguza watoto kama hao New York, aliandika kwamba mwenye alama 140 katika kipimo cha akili, ambapo wastani ni 100, hupoteza nusu ya muda wake katika darasa la kawaida. Nusu nzima! Mtoto wa miaka minane asipopewa kazi ataitafuta.

Kwa hiyo muulize mwalimu vurugu huanza lini. Ikiwa ni baada ya kumaliza, kakosa kazi. Ikiwa ni kabla hajaandika chochote, mpeleke akapimwe macho na masikio, na uangalie analala saa ngapi. Asiyeona ubao naye huzunguka kwenye madawati.

Shuleni usiende na neno kipaji. Mwalimu mwenye watoto 80 atasikia unamwongezea mzigo. Omba kitu kidogo: akimaliza apewe swali moja gumu, si mengine kumi ya aina ileile. Hayo kumi ni adhabu ya kuwahi, na atajifunza kuchelewa makusudi. Kurushwa darasa sikukatai, lakini hilo lisubiri. Na hizo shule za vipaji maalumu ulizotaja, Ilboru na Kibaha, ni za sekondari. Hadi huko kuna miaka ya kuishi na darasa alilo nalo.

Kuhusu kumsahihisha mwalimu, hapo simtetei. Anyooshe mkono, aseme, "Mwalimu, naomba tuliangalie tena." Kuwa sahihi hakumwondolei wajibu wa kuwa na adabu. Na mkwe wangu anayetaka kutumia fimbo, mwambie haitampa mtoto kazi ya kufanya.

Halafu uniandikie anavyokaa kwenye kipindi cha Kiswahili. Umenieleza hesabu tu.

Baba yako