Tawi la mwembe juu ya njia ya miguu

SWALI: Tawi la mwembe wangu, nene kama paja, limeinamia njia ya miguu, na michongoma ya ua inawasukumia watoto wa shule barabarani. Nikateje?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, anza na michongoma, leo hii. Irudishe nusu mita ndani ya mpaka wako, kwani mvua zikianza itachipua upya. Miiba izoe yote. Hutoboa ndala na matairi ya baiskeli.

Tawi lataka mikato mitatu ya msumeno. Wa kwanza upige kwa chini, sentimita 30 kutoka shinani, uingie theluthi ya unene. Wa pili kwa juu, sentimita 5 mbele zaidi, hadi lianguke. Wengi huruka ule wa chini. Tawi huvunjika kwa uzito wake, likachuna gome la shina, na kidonda hicho huozesha mti. Wa tatu unaondoa kisiki, nje kidogo ya uvimbe wa maungio. Usipake oili chafu, mti hujifunga wenyewe. Vaa mikono mirefu: utomvu wa mwembe huwasha. Mtu mmoja abaki chini kuzuia wapita njia.

Likikaribia nyaya za umeme, usipande kabisa. Waite TANESCO.