Mpeleke mtoto mwambani maji yakipwa

Jamaa zangu wa bara wakija Mombasa likizoni huniuliza swali lile lile: mtoto wa miaka minne au mitano ataonyeshwaje matumbawe, na hata kuogelea hajui? Jibu langu huwaudhi waliokwisha kununua miwani ya kuzamia. Iwekeni kwanza. Mtoto wa umri huo hana haja ya kuzama ili auone mwamba. Anachotaka ni maji yapwe, viatu vya mpira, na mtu mzima asiye na haraka.

Wanangu mimi niliwaanzia nchi kavu. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chini yake ni mwamba wa matumbawe. Palipobanduka lipu, msogeze mtoto karibu na ukuta, apapase kwa kidole. Atakuta vijishimo na mistari iliyopangika, na atauliza nani ameichora. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni hivyo hivyo, na magofu ya Gede pia. Basi kabla hajalowa unyayo, mtoto ameshajua kwamba jiwe lile liliwahi kuwa na uhai.

Halafu soko la samaki, asubuhi na mapema. Mwombe muuzaji akufunulie mdomo wa pono. Meno yake yameshikana yakawa kipande kimoja kigumu, na kwa hayo hukwangua mwani juu ya mwamba, akameza na vipande vya matumbawe. Vile vipande husagwa kooni na kutoka nyuma vikiwa mchanga. Pono mkubwa aweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Mwambie mtoto kwamba sehemu ya ule mchanga mweupe anaoupenda kuchezea ni kinyesi cha pono, kisha umwache acheke mpaka achoke. Hilo halitamtoka kichwani. Na mkimnunua pono yule mkamla kwa wali wa nazi, hakuna ubaya. Nimezaliwa katika nyumba ya wavuvi, siwezi kumfundisha mtoto kwamba kula samaki ni dhambi.

Sasa twende mwambani. Kwetu bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku hizo maji hupwa kabisa asubuhi, kwenye saa nne au saa tano. Mtoto ameshakunywa chai, bado hajachoka, na jua halijawa kali mno. Siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, usijisumbue, mwamba hautoki vizuri. Msimu mzuri ni wa upepo wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, bahari inapotulia na maji kuwa meupe. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma maji huchafuka na upepo humchosha mtoto. Ingieni kama saa moja kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na mkiona yameanza kurudi, tokeni. Siku za bamvua bahari hupanda mita 3 na zaidi, na hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, kati ya mwamba na ufuo. Kama hamjui njia, mchukueni mwenyeji.

Mkifika, msizunguke. Hapa ndipo watu wazima wanapoharibu: wanataka kumwonyesha mtoto kila kitu, wanamburuta kutoka dimbwi hadi dimbwi. Chagueni dimbwi moja, chuchumaeni, na kivuli chenu kisianguke majini. Dakika za mwanzo mtoto atasema hamna kitu. Msimjibu. Punde jiwe moja litatembea, kumbe ni kaa aliyehamia ndani ya ganda la konokono. Kijisamaki kitachomoza kwenye tundu. Kiti cha pweza, mnyama wa umbo la nyota, alichodhani kimekufa kitasogea polepole sana, na jongoo bahari ataonekana akimeza mchanga upande huu na kuutoa upande wa pili. Mkijaliwa mtamwona pweza akibadilika rangi mbele ya macho yenu. Hapo usikose kumwambia mtoto kwamba ana mioyo mitatu.

Swali litakalokuja ni kama tumbawe ni jiwe au mti. Mimi husema ni mnyama, tena wanyama wengi wadogo wanaokaa pamoja, kila mmoja na mdomo wake, na wamejijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao umo mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua: mpangaji anayelipa kodi kwa chakula. Watoto wa Mombasa habari za wapangaji na kodi wanazijua vizuri, wameshawasikia wazazi wao.

Kuhusu kukanyaga, sijaona amri inayofaa zaidi ya kipimo. Yale matumbawe makubwa ya mviringo hukua takriban sentimita 1 kwa mwaka. Mkilipata moja, hata likiwa kwenye maji, msimamishe mtoto kando yake bila kuligusa, mhesabu. Lililomfika kiunoni lina umri wa bibi yake, na bibi hakanyagwi. Tembeeni kwenye mchanga na mwamba mtupu.

Mikono nayo ikae nyuma. Si kwa adabu tu. Kuna makonokono wenye ganda zuri, pana upande mmoja na lililochongoka upande wa pili, ambao huchoma kwa sumu inayoweza kuua mtu, na wao ndio mtoto atakaotaka kuwaokota kwanza. Wapo viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, na yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Akichomwa na huyu, tia mguu kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, na mkimbilie hospitali. Kandambili hazifai kabisa, huteleza na kuchopoka mguuni. Mvishe mtoto fulana ya mikono mirefu badala ya kumpaka mafuta ya jua mwili mzima, kwani baadhi ya mafuta hayo yana kemikali zinazodhuru matumbawe.

Kuna wazazi wanaopenda kuanza na msiba: bahari inapata joto, matumbawe yanapauka, kila kitu kinakufa. Ni kweli joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana kwenye pwani hii, na mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kuambiwa. Wa miaka minne mwacheni ampende pweza kwanza.

Akishazoea, mashua ya sakafu ya kioo ndiyo hatua inayofuata. Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, iko mbele tu ya fuo za Nyali na Bamburi, na humo uvuvi umekatazwa, ndiyo maana samaki hawakimbii. Malindi na Watamu zina hifadhi tangu 1968. Kabla ya kulipa, muulizeni nahodha anafunga mashua kwenye boya au anatupa nanga juu ya matumbawe. Na akiwapa mkate mwarushie samaki, mwambieni ahsante, mle nyinyi.