Maswali na Majibu: Kueleza Spishi Mpya ya Kadisi kwa Maumbile Yake

Kadisi ni wadudu wa oda ya Trikoptera. Aliyekomaa hufanana na nondo mdogo, ila mabawa yake yana vinyweleo badala ya magamba, na hana mrija wa kufyonzea uliojikunja. Buu wake huishi majini, na wengi hujijengea ala ya mchanga au vipande vya majani. Wasomaji waliotuandikia maswali mara hii wanadhani wamepata spishi ambayo bado haina jina.

Nina madume watatu wenye madoa ya dhahabu mabawani. Sijayaona madoa hayo katika maelezo yoyote. Je, inatosha?

Kwa madoa peke yake, hapana. Vinyweleo hupukutika na spiriti hufifisha rangi. Kinachoamua ni viungo vya uzazi vya dume: pingili ya tisa na ya kumi ya tumbo, vibano vya chini, na uume. Kabla ya kufika huko, hakikisha familia na jenasi. Tazama kama kuna vijicho vya utosini, kisha hesabu pingili za palpi za taya (vipapasio vidogo vya mdomoni): jike kwa kawaida ana tano, lakini dume wa familia ya Limnephilidae ana tatu. Hesabu pia vikwaru vya miundi (miiba mikubwa ya miguuni), mguu wa mbele, wa kati na wa nyuma: jenasi ya Hydropsyche kwa kawaida ni 2-4-4, Rhyacophila ni 3-4-4. Kikwaru hukatika kwa urahisi, kwa hiyo kagua miguu ya pande zote mbili na utafute tundu kilipochomoka kabla ya kuandika kwamba hakipo.

Ili kuviona viungo vya uzazi, nilichemsha tumbo kwenye haidroksidi ya potasiamu, likalainika kama kamasi. Kwa nini?

Tatizo ni moto. Kata tumbo baada ya pingili ya tatu au ya nne, ulitie kwenye mmumunyo wa asilimia 10, uliache usiku kucha bila joto. Ukiwa na haraka, weka kichupa ndani ya maji ya moto na uchungulie kila dakika tano. Litoe misuli ikishayeyuka huku kingo za kahawia zikionekana bado. Likipitiliza, sehemu zilizopauka hazionekani tena, na ndizo mara nyingi zinazotenganisha spishi mbili jirani. Lioshe kwa maji yenye tone la asidi ya asetiki, vinginevyo alkali iliyobaki itaendelea kula, kisha sukuma mabaki ya ndani kwa sindano nyembamba ya maji.

Sisi tunapendelea asidi ya laktiki ya asilimia 85: dakika 20 hivi kwenye nyuzi 125 za Selsiasi. Hailainishi kupita kiasi, na mara nyingi husukuma nje utando wa uume. Hapo jihadhari. Utando uliovimba huonyesha miiba ambayo kwa dume mwingine imekunjwa ndani, na madume wa spishi moja wakaonekana kama wa spishi mbili. Linganisha uliovimba na uliovimba.

Kila nikichora, kibano kinatoka na urefu tofauti.

Kielelezo, yaani mdudu unayemchora, kimeinama kidogo. Katika gliserini tumbo hubingirika, kwa hiyo liegemeze kwa uzi wa pamba, au litulize katika jeli ya kutakasia mikono na uisuuze ukimaliza. Kwa mwonekano wa ubavuni, usianze kuchora mpaka kibano cha kushoto kifunike cha kulia sawasawa. Chora ubavu wa kushoto, juu na chini, kisha uume peke yake, ubavuni na juu. Weka kipimo cha mizani kwenye kila mchoro. Picha ya hadubini husaidia, lakini haichukui nafasi ya mstari: mchoraji anapaswa kuamua ukingo unaishia wapi, na hapo ndipo anapogundua asichokielewa.

Nina kielelezo kimoja tu, tena ni jike.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaruhusu kueleza spishi kwa huyo. Ushauri wetu ni usubiri dume, kwa sababu katika jenasi nyingi majike hawajaelezwa na hutakuwa na wa kumlinganisha naye.

DNA haitoshi?

Kipande cha COI, jeni inayotumika sana kutambua spishi, chenye jozi besi 658 hukusaidia kuunganisha dume, jike na buu. Ukiyeyusha tishu za tumbo kwa proteinesi K (kimeng'enya kinachoyeyusha protini) badala ya kulisaga tumbo, unapata DNA na tumbo lililosafishwa kwa mpigo mmoja. Kwa buu kuna njia isiyohitaji maabara: tafuta pupa dume aliyekaribia kutoka. Ndani ya ala yake magamba magumu ya buu yamebaki, na viungo vya uzazi vya dume vimeshaumbika.

Nifanye nini ili jina likubalike?

Andika wazi kwamba ni spishi mpya, taja holotaipu moja (kielelezo kinachobeba jina la spishi) na makumbusho itakakotunzwa, na toa maelezo yanayoitofautisha. Andika sehemu ya utofautishaji kwa kuitaja spishi iliyo karibu zaidi na sifa yenyewe: “ncha ya kibano imegawanyika mara mbili, si butu”. “Inatofautiana kwa umbo” haimsaidii yeyote. Jarida likiwa la kielektroniki pekee, kazi isajiliwe ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla ya kutoka na ushahidi wa usajili uonekane ndani yake. Tumbo la holotaipu litunzwe katika kichupa kidogo cha gliserini, pamoja na mwili na lebo zilezile, lisije likapotezana na mwenyewe.