Paka kwenye terminali, na mengine ya kuwaambia mnaoanza kazi ya kodi

Juzi kaja kijana wa field kwenye kachumba ketu huku Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, kavua begi, kafungua laptopu, kafungua terminali (lile dirisha la kuandika amri), tukasubiri. Tukasubiri tena. Nimehesabu mpaka sekunde ya tano ndo akatokea paka wa herufi herufi, kijani kibichi, na chini yake mstari wenye mishale na rangi sita, jina la tawi la git (programu ya kutunza historia ya mradi), asilimia za betri, saa, na hali ya hewa. Hali ya hewa! Jamani tuko Tanga, dirisha liko wazi, jasho linatutiririka, unataka mashine ikwambie nini tena. Nikamuuliza, vyote hivi umeviweka wewe? Akasema hapana kaka, nimekopi kwa jamaa mmoja yuko Ulaya, ni faili moja tu ukipesti kila kitu kinakuja.

Sikumcheka. Mie nilianza hivyohivyo, na yaliyonikuta ndo yananifanya niandike haya kwa nyie wadogo zangu mnaoingia sasa kwenye kazi ya kodi, ya kuandika programu (siyo ile ya TRA).

Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa ya mtumba, RAM GB 4, hadidiski ile ya kuzunguka inayolia kama pangaboi bovu. Nikachukua .bashrc ya mtu nisiyemjua (faili ambalo sheli, ile programu inayopokea amri zako, inalisoma ikifunguka), mistari mia tatu na kitu, nikafuta yangu iliyokuja na Ubuntu, mfumo wa Linux, nikaweka yake. Juu kabisa nikaongeza echo "Karibu bosi" ili kila nikifungua terminali inisalimie, ujana huo. Halafu kwa ushamba wangu nikaipeleka faili hiyohiyo kwenye seva ya mteja, ili na huko nisalimiwe. Tangu siku hiyo scp, amri ya kutuma faili, ikagoma. Kuingia kwenye seva kwa ssh naingia vizuri, nakaribishwa kabisa, ila nikituma faili haliendi. Nimesota siku mbili: nimebadilisha funguo, nimehama laini nikidhani ni mtandao, nimempigia mpaka mwenye seva nikamlaumu na yeye masikini hana hili wala lile. Aliyenipa mwanga ni rsync, amri nyingine ya kutuma faili, maana yenyewe ikishindwa inakuuliza kama sheli yako ni safi, mie nikaona kama natukanwa. Kumbe kweli ni chafu.

Iko hivi. Unapotuma faili, upande wa pili inafunguliwa sheli, inaisoma .bashrc, na programu zako mbili zinaongea kupitia bomba hilohilo. Moja inangoja namba za itifaki, inapokea "Karibu bosi". Mazungumzo yameishia hapo. Na faili halisi la Ubuntu lina mistari michache kule juu inayoanza na case $- in, kazi yake ni kusema kama hapa hamna mtu aliyekaa kwenye kibodi basi rudi, usiendelee kusoma. Hiyo ndo niliyoifuta bila hata kuisoma.

Kwa hiyo neno langu kubwa ni hili, kila mstari ulioko kwenye mashine yako uwe unaweza kunieleza umekaa pale kwa sababu gani. Usiweke kitu kabla hakijakukera. Anza na mashine tupu, fanya kazi wiki mbili, utaona mkono wako unaandika kitu kilekile mara hamsini kwa siku, hapo sasa tengeneza kifupisho (alias). Na ukikitengeneza angalia kwanza jina lina mwenyewe. Mie nilifupisha git status nikaiita gs, tamu kweli, mpaka siku nataka kupunguza PDF ya tenda, mwisho wa kupokea ni saa kumi na mimi saa tisa na nusu naandika gs na maswichi yake yote, git inanijibu haiijui hiyo swichi. Kumbe gs ni jina la Ghostscript, miaka na miaka, ndo programu yenyewe niliyokuwa naitafuta. Siku hizi kabla ya kubatiza kitu naandika type na jina, nikiambiwa halipo ndo nalichukua.

Mfumo gani uweke? Hapa sitaki ubishi mrefu. Chukua Ubuntu ya LTS (toleo la kuhudumiwa muda mrefu), zile zinazotoka Aprili ya miaka shufwa, 22.04, 24.04, zinahudumiwa miaka 5, wakati zile za katikati ni miezi 9 tu halafu unalazimika kuhama, na kuhama ni MB, na MB ni hela. Mashine ikiwa dhaifu weka Xubuntu, yenyewe muda wake ni miaka 3 ila ni nyepesi. Kama ofisi inakulazimisha Windows basi tumia WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows), ila ujue kwa kawaida inajiruhusu kuchota mpaka nusu ya RAM yako yote, na kwenye GB 4 ukifungua na kivinjari hapo umekwisha. Andika faili la .wslconfig kwenye folda lako la mtumiaji kule Windows (C:\Users\ na jina lako), ndani yake [wsl2] na chini yake memory=2GB, halafu wsl --shutdown uwashe upya.

Edita nayo, programu ya kuandikia kodi, watu wanagombana kama Simba na Yanga. GNU Emacs ni ya 1985, Vim ya 1991, VS Code imekuja 2015, zote zinaandika herufi zilezile. Wewe tumia inayokufanya uende haraka, ila jifunze vi ya kutosha kubadili mstari mmoja na kutoka salama (Esc halafu :wq, au :q! kama umeharibu), kwa sababu seva nyingi utakazotumwa hutakuta kingine. Kama uko VS Code usijaze viongezeo. Nimeona mtu ana arobaini na mbili, anaandika PHP tu, ana na kiongezeo cha Rust, ukimuuliza Rust unaijua? Hapana, nilikiona kina nyota nyingi.

Sasa kuna jambo hao wanaotupatia mafaili yao kutoka mbali hawalifikirii, umeme. Laptopu nyingi tunazonunua sisi betri imeshakufa, inaishi kwa waya, umeme ukikatika imezima papo hapo. Kwa hiyo mpangilio wa kwanza kabisa kwenye VS Code ni files.autoSave, weka afterDelay, inasevu yenyewe sekunde moja baada ya kuacha kuandika. Ukiwa kwenye seva ingia ndani ya tmux, mtandao ukikata kazi inaendelea kule, ukirudi unaandika tmux attach unaikuta ilipokuwa.

Na git. Hii nataka niikalie kidogo kwa sababu ni wachache wanaoambiwa. Kuna binti tulikuwa naye hapa, kafanya komiti (kuhifadhi hatua ya kazi ndani ya git) tu, umeme huo, giza. Uliporudi kila anachoandika git inamwambia faili la objekti (vile vipande inavyohifadhia kazi) ni tupu. Akaanza kulia, kazi ya siku nne. Mwenzake pembeni anamwambia futa folda zima clone upya (ushushe nakala nyingine toka seva), na ndo ushauri mbaya kuliko wote kwa wakati ule, maana kazi yenyewe ilikuwa haijapushiwa popote, haijatumwa seva yoyote. Kilichotokea ni kwamba git ilishafungua faili la komiti, ila maandishi yalikuwa bado yako kwenye kumbukumbu hayajatua kwenye diski, umeme ukayakata njiani, limebaki jina bila kitu ndani. Mafaili yake mwenyewe, yale anayoyaona kwenye folda, yako palepale hayajaguswa.

Tulifanya hivi. Kwanza cp -r ya mradi mzima kwenye flashi, kabla ya kugusa chochote, hata kama unajiamini. Halafu find .git/objects -type f -empty ili tuwaone wagonjwa, walikuwa watatu, tukafuta hao watatu tu. Tukafungua .git/logs/HEAD, hilo ni faili la maandishi la kawaida, kila mstari una namba ya komiti ya kabla na ya baada, tukachukua ile ya kabla ya mstari wa mwisho, tukaandika git update-ref HEAD na namba hiyo. Kisha git fsck kuona kama kuna mwingine anaumwa. Akawa amerudi nyuma komiti moja, na mabadiliko yake yote yanaonekana kama hayajakomitiwa, akakomiti upya, akapush hapohapo. Chai ikanunuliwa na kachori juu.

Bando sasa. Ukiwa na wenzako chumba kimoja msishushe kila mtu la kwake. Mmoja anashusha, anakwenda kwenye folda anaandika python3 -m http.server, wengine wanaingia kwenye hotispoti ya simu yake wanavuta kwa namba ya IP ya laptopu yake na :8000 mwisho, data inazunguka chumbani humohumo haili bando. Pakiti za programu ulizoshusha kwa apt-get zinakaa /var/cache/apt/archives (apt tupu inazifuta ikimaliza kuinstoli), mbebee mwenzio kwenye flashi kama mna toleo moja. Za Python tumia pip download -d na jina la folda. Ukiclone mradi mkubwa wa kusoma tu weka --depth 1, historia ya miaka kumi huihitaji. Na instoli Zeal, unashusha nyaraka za lugha yako mara moja tu unasoma bila intaneti, mie Zeal imenifundisha zaidi ya video.

Python ya mfumo usiiguse. Kuna mtu, simtaji, ni rafiki, aliona ana Python mbili akasema hii ya zamani inanichanganya, akaandika sudo apt remove python3, ikamtolea orodha ndefu ya vitu vitakavyoondoka navyo, akabonyeza Y bila kusoma maana sote tunabonyeza Y. Alipowasha tena hana dawati, hana menyu, kioo cheusi na herufi nyeupe. Mfumo wenyewe unaitegemea ile Python. Zako ziishi kwenye python3 -m venv (chumba cha Python cha peke yake) ndani ya kila mradi, na pip ikikugomea ikisema mazingira haya yana msimamizi mwingine usiende kutafuta swichi ya kuilazimisha, inakuokoa.

Pembeni kidogo, wanaokaa Raskazone na wote wenye upepo wa bahari, mashine isilale dirishani. Ile hewa ina chumvi, baada ya mwaka matundu ya USB yanaota kijani, feni inashika kutu, halafu unasema laptopu za mtumba mbovu. Ifunike, iweke ndani, basi.

Mipangilio yako yote iweke kwenye folda moja lenye git, mie langu linaitwa mipangilio, ndani kuna bashrc, gitconfig, vimrc, na skripti fupi ya kuyaunganisha kwa ln -s mahali yanapotakiwa kuwa. Juu ya kila mstari naandika komenti kwa Kiswahili, lini na kwa nini. Kuna unaosema "2019, umeme umekata mara tatu leo", kuna unaosema "sijui hii ni ya nini ila ukiitoa printa inakufa". Laptopu ilipokufa mwaka juzi nikaazima ya shemeji, nikavuta folda, ilipofika adhuhuri nafanya kazi kama kwangu. Funguo za ssh zisiingie humo hata siku moja, id_ed25519 ni ya kwako peke yako, inayotembea ni ile yenye .pub mwisho.

Kwa yule kijana wa paka tulifanya kazi ya kuzima nusu nusu. Unaweka alama ya reli (#) mbele ya nusu ya mistari, unapima kwa time bash -ic exit, kama bado nzito mchawi yuko nusu ya pili, unagawa tena. Mara ya sita tukamshika, alikuwa nvm, ya kubadilisha matoleo ya Node (programu ya kuendesha JavaScript), inapakiwa kila terminali ikifunguka wakati yeye Node hajawahi kuigusa, na wa pili ni ile hali ya hewa, kila ukifungua inatoka kwenda mtandaoni kuuliza. Tukavitoa vyote viwili. Sekunde tano ikawa hata moja haifiki, akaanza kuifungua na kuifunga anacheka.

Tukarudisha ile case $- in kule juu, paka tukamshusha chini yake asije akamharibia scp kama mie. Nikamwambia basi mtoe na huyu, ana faida gani? Akakataa. Nikasema sawa, ila sheria ni ileile, andika komenti kwa nini yupo. Akafikiri, akaandika: "nampenda tu".