Siku Deskitopu Yangu Ilipoanikwa Ukutani

Juzi dada mmoja msomaji aliniandikia hivi: "Kaka, nimekesha napanga aikoni zangu, zimekaa vizuri, nikachomeka skrini ya pili, zote zikakimbilia kushoto zikarundikana. Nimezirudisha kwa mkono mara tatu. Nifanye nini?" Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana dada huyo ametonesha kidonda bila kujua.

Mimi ndiye yule mtu wa aikoni 212 kwenye deskitopu, yaani vipicha 212 vya faili na programu kwenye uso wa kwanza wa skrini. Sitii chumvi. Ukitaka kujua zako, na kompyuta yako ni ya Windows kama yangu, fungua deskitopu kama unavyofungua folda nyingine yoyote, kisha tazama pembeni chini kushoto, idadi imeandikwa pale. Wakati ule sikuona aibu. Nilikuwa na msemo wangu: kinachoonekana hakisahauliki. Nikipakua kitu, nakitupa deskitopu. Nikitumiwa kitu, deskitopu. Picha ya ukutani, ile inayokaa nyuma ya aikoni, sikumbuki hata ilikuwa ya nini, ilishafunikwa.

Basi kikaja kikao. Watu kama ishirini, wakubwa wamo, na mimi ndiye mtoa mada. Nikachomeka waya wa projekta, nikasubiri, ukuta ukawaka. Kompyuta yangu ilikuwa ikionyesha nukta 1920 kwa 1080, projekta ile kuukuu ilijua 1024 kwa 768 tu. Kwa hiyo skrini ilijipunguza ili zilingane, na aikoni zilizokuwa nje ya mipaka mipya zikasukumwa ndani, zikajipanga zinavyojua zenyewe. Ile ramani niliyokuwa nayo kichwani, kwamba mada iko kulia juu, ikawa haina maana tena.

Nikaanza kutafuta. Watu wanatazama. "Mada." "Mada mpya." "Mada mpya 2." "Mada MWISHO." "Mada MWISHO kweli." Naupitisha mshale wa kipanya juu ya kila moja kama mtu anayetafuta funguo gizani. Na katikati kabisa ya ukuta, imesukumwa hapo na projekta, faili moja yenye jina refu kuliko zote: "Barua ya kuacha kazi - rasimu".

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Bosi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akauliza kwa upole sana, "Hiyo barua ni ya lini?"

Sitawasimulia nilijibu nini.

Usiku ule nilirudi nyumbani na hasira, na hasira haifai kufanyia usafi. Nilichagua karibu nusu ya aikoni, nikabonyeza Shift na Delete kwa pamoja, nikakubali. Nilidhani deskitopu ni njia za mkato tu, kwamba vitu vyenyewe viko salama kwingine. Asubuhi ripoti ya wiki tatu haikuwepo. Ukifuta kwa Shift na Delete, kitu hakipiti hata kwenye pipa la takataka, kinaondoka moja kwa moja. Tangu siku hiyo, kabla sijafuta chochote naangalia kona ya chini kushoto ya aikoni. Ikiwa na kamshale kadogo, ni njia ya mkato, ifute na programu yako itabaki. Isipokuwa na mshale, hiyo ndiyo faili yenyewe, ndugu yangu, hakuna nyingine. (Aikoni chache za mfumo, kama pipa lenyewe, hazina mshale na hazihesabiki hapa.)

Baada ya msiba huo nikaanza kutafuta programu ya kunisaidia. Ya kwanza ilikuwa Fences ya Stardock, na jina lake ndilo kazi yake: uzio. Unashikilia kitufe cha kulia cha kipanya, unaburuta mahali patupu, unachora kisanduku, unakipa jina, unaingiza aikoni ndani. Ukibofya mara mbili kichwa cha kisanduku, kinajikunja kinabaki mstari mmoja. Ukibofya mara mbili mahali patupu pa deskitopu, aikoni zote zinatoweka, ukibofya tena zinarudi. Hicho kitu kimoja tu kingeniokoa siku ya projekta. Ni ya kulipia, ila kuna kipindi cha majaribio, na mimi nilishalipia kabla majaribio hayajaisha, nilivyokuwa nimenogewa.

Nikajenga visanduku saba. Kazi, Fedha, Picha, Kusoma, Watoto, Zana, na Mengineyo. Nikapiga picha ya skrini nikawatumia marafiki. Mmoja alijibu kwa kidole gumba, mwingine hakujibu kabisa, lakini mimi nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Miezi miwili baadaye nikahesabu. Kazi, aikoni 9. Fedha, 4. Mengineyo, 143.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Aikoni iliyo ndani ya kisanduku bado iko deskitopu. Programu imeichorea mpaka tu, haijaihamisha popote. Faili zako bado zinakaa kwenye folda ile ile, kwenye diski ile ile, na siku kompyuta ikifa zinakufa nazo kama hukuwa na nakala. Nilikuwa nimelipia kapeti la kufagilia takataka chini yake. Simlaumu aliyetengeneza, programu inafanya ilichoahidi. Ni mimi niliyetaka iniamulie kipi nitupe na kipi nibakize.

Basi nikafuta Mengineyo. Si vilivyomo, kisanduku chenyewe. Vilivyomo vikamwagika tena juu ya deskitopu, nikalazimika kuvitazama kimoja kimoja jioni nne mfululizo. Sehemu hiyo nairuka, haina utamu. Iliyobaki ilikuwa aikoni 17, na faili nyingine zote zikaenda kwenye folda za nyaraka, mahali pake tangu mwanzo. Mkinisikiliza kwa jambo moja tu, liwe hili: msiwe na kisanduku cha mengineyo. Kiite jina lolote, "Muda", "Baadaye", "Nitaona", ni kile kile.

Sasa dada yangu, nakuja kwako, maana swali lako halikuwa la visanduku. Wewe tayari umepanga, tatizo ni kwamba mpangilio haukai. Dawa yake ni programu nyingine, ndogo sana, inaitwa DesktopOK. Ni ya bure na haihitaji hata kusakinishwa, unaifungua tu. Panga aikoni zako unavyotaka, bofya kuhifadhi, itaandika mahali ilipo kila aikoni pamoja na ukubwa wa skrini wa wakati huo. Zikitawanyika, chagua mpangilio uliouhifadhi, bofya kurejesha, zinarudi. Mimi nina mipangilio miwili, mmoja wa kompyuta ikiwa peke yake, mwingine wa skrini ya mezani. Nikichomeka nachagua huu, nikichomoa nachagua ule.

Kabla hujaanza, bofya kitufe cha kulia mahali patupu, ingia kwenye mwonekano (View), uhakikishe ile alama inayofanya aikoni zijipange zenyewe imeondolewa. Ikiwepo, Windows itazipanga upya kuanzia kushoto hata ufanye nini, nawe utailaumu programu bure. Ile ya kuzinyoosha kwenye mistari iache, haina ubaya. Na ukimaliza kupanga, hifadhi. Ukiongeza aikoni mpya, hifadhi tena. Najua nimeshasema. Watu wanahifadhi mara moja, wanaongeza vitu mwezi mzima, kisha wanarejesha mpangilio wa zamani na kushangaa aikoni mpya zimekaa ovyo.

Na wewe unayekwenda kutoa mada kesho, usinifanye niandike makala nyingine kama hii. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kupanua skrini badala ya kuirudufu. Ukipanua, wanaokutazama wanaona picha ya ukutani tu mpaka mwenyewe uwasogezee dirisha, aikoni zako zinabaki kwako. Na hata kama huna programu yoyote, kwenye ule ule mwonekano wa kitufe cha kulia kuna mahali pa kuficha aikoni zote. Sekunde tatu. Mimi sikujua. Nilikuwa nimetumia kompyuta miaka kumi na moja na sikujua.

Watu wananiambia napenda kuhubiri. Sawa, nahubiri. Lakini mtu anayejivunia deskitopu iliyojaa, eti anajua kila kitu kilipo, mimi namjua vizuri sana, nilikuwa yeye. Anajua kila kitu kilipo mpaka siku skrini ibadilike ukubwa. Wazo hili la kuweka picha za karatasi na folda juu ya skrini liliingia sokoni na Xerox Star mwaka 1981, likifananishwa na meza ya ofisi, na meza ya ofisi nayo haikuwahi kuwa kabati.

Dada yangu, jaribu usiku wa leo uniandikie. Na kwa wale watakaouliza kwenye ujumbe, maana najua mtauliza: ile barua bado ninayo. Nimeihamishia kwenye folda ya nyaraka na kuibadilisha jina. Sasa inaitwa "Orodha ya vifaa 3".