Mwendo wa kuitikia salamu: ushauri kwa mwenye baiskeli ya injini

Ukishafunga injini kwenye baiskeli, jiandae kwa swali moja kila utakaposimama: inakwenda spidi ngapi? Vijana wa bodaboda huuliza, mafundi huuliza, hata mzee wa kahawa huuliza. Mimi hujibu kuwa inakwenda 20, na hapo ndipo ninapoitaka. Wengi hawaridhiki, maana wanajua injini yenyewe inaweza kufika 40. Lakini kwa muda wote niliokuwa nikiiendesha hapa Tanga na vitongoji vyake, raha ya chombo hiki nimeikuta kati ya kilomita 15 na 25 kwa saa. Ukivuka hapo unakuwa na pikipiki dhaifu. Ukibaki hapo unakuwa na baiskeli isiyokuchosha, na sijaona chombo kingine cha bei ile kinachompa mtu starehe ya namna hiyo.

Spidomita sina. Kipimo changu ni salamu. Tanga ni mji wa baiskeli, na kwetu mtu hapiti mbele ya baraza la wazee akanyamaza. Kwa mwendo wa 20 unakata mita tano na nusu kila sekunde: unaanza "shikamoo" ukiwa bado hujawafikia, "marahaba" inakukuta uko sambamba nao, na anayetaka kuuliza kama nyumbani hawajambo anapata jibu lake kabla hujapotea. Kwa mwendo wa 40 unaishia kupiga honi na kuinua mkono. Basi nikiona salamu zimeanza kunipita bila kuitikiwa, napunguza moto, yaani petroli inayoingia kwenye injini. Kipimo hiki kinafaa na kwa usalama, kwa sababu ukiweza kusikia watu unaweza pia kumwona mtoto anayekimbilia mpira, mbuzi anayesitasita kando ya lami, au shimo lililofunikwa na maji.

Halafu kuna hesabu ya hewa, nayo kila mwenye injini ndogo angefaa kuijua. Nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma hukua kwa kasi kuliko mwendo wako. Ukitoka 20 ukaenda 40, hewa inakupinga mara nne, na nguvu inayotakiwa kwenye injini ili kuishinda ni mara nane. Ndiyo maana injini inayonguruma kwa utulivu kwenye 20 huanza kulia na kutetemesha fremu nzima kwenye 40, petroli ikishuka kwenye tenki kwa faida ya dakika chache tu. Sisi wa pwani tunalionja jambo hili zaidi wakati wa kusi, upepo utokao kusini. Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, anayeshika barabara ya Pangani kuelekea kusini anaupokea upepo kifuani. Upepo ukija kwa kilomita 15 kwa saa nawe ukienda 20, mwili wako unapigwa na hewa ya 35. Mwenye baiskeli ya kawaida hapo huinama na kukazana. Mimi naongeza moto kidogo, nakaa wima, naendelea kutazama minazi.

Vyombo hivi vilizaliwa kwa mwendo huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watu wengi Ulaya na Japani walikuwa na baiskeli, fedha ya gari hawana, na mafuta ni ya kutafuta. Mwaka 1946 Ufaransa ilianza kuuza VéloSoleX, baiskeli nyeusi yenye injini juu ya gurudumu la mbele, ambayo iliisukuma tairi kwa kigurudumu kidogo kinachoikandamiza. Mwendo wake ulikuwa 30 hivi. Ukiiinua injini kwa mpini wake ikaachana na tairi, unabaki na baiskeli kamili. Iliendelea kutengenezwa huko hadi 1988, kwa mamilioni. Mwaka huohuo wa 1946, mjini Hamamatsu, Soichiro Honda alichukua injini ndogo zilizotengenezwa kuendesha jenereta za redio za jeshi akazifunga kwenye baiskeli. Jina lililoandikwa kwenye matenki ya pikipiki dunia nzima lilianzia hapo.

Sasa tuje kwenye injini zinazofungwa siku hizi. Nyingi ni za Kichina, za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli. Zinauzwa kama cc 80, lakini ukipima silinda yenye kipenyo cha milimita 47 na safari ya pistoni ya milimita 38, unapata cc 66. Zinatosha sana. Spoketi ya nyuma inayokuja nazo, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, ina meno 44, na usikubali fundi akuwekee ndogo zaidi ili "ifunguke", yaani ikimbie zaidi. Kwa meno 44 na ringi kubwa ya inchi 28, kwenye mwendo wa 20 injini inazunguka kama mara 2,700 kwa dakika. Kwenye 40 inazunguka mara mbili ya hapo, na mtetemo unaingia mpaka kwenye meno yako.

Oili usiikadirie kwa macho wala kwa kifuniko cha chupa. Nunua bomba la sindano duka la dawa, liwe la kazi hiyo tu. Injini ikiwa mpya, matenki ya mwanzo mimi huchanganya sehemu 1 ya oili kwa 16 za petroli; ikishalainika, 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Kumbuka kuwa kwenye injini hii oili inaingia pamoja na petroli. Ukishuka mlima mrefu umefunga moto kabisa huku gurudumu likiizungusha injini, pistoni inakaribia kukauka. Bana klachi, au fungua moto kidogo kila baada ya muda. Na mwendo wa polepole nao una mwisho wake: chini ya 12 hivi injini huanza kuvuta kwa mishtuko na kuchapa cheni. Hapo usiilazimishe. Bana klachi upige pedeli, ndiyo kazi yake.

Mtetemo hulegeza nati hata kwa anayekwenda taratibu. Baada ya kila safari ndefu mimi hupitisha spana kwenye nati zinazoshika injini, za sailensa, na za kile kigurudumu kinachokaza cheni, maana kikilegea kikaingia kwenye spoku, gurudumu linakwama palepale. Spoku zenyewe zikague kwa vidole. Spoketi ya injini hubanwa juu yake kwa mipira, na spoku moja iliyolegea huzichosha jirani zake.

Breki ndiyo nasaha ninayoisisitiza kuliko zote. Baiskeli nyingi tunazofungia injini ni zile ndefu za Phoenix, zenye breki za vyuma, zinazovutwa kwa fito badala ya waya. Breki hizo zilikusudiwa nguvu ya miguu, na mvua ikilowesha ringi iliyochovywa kromi huteleza. Kabla hujanunua injini, nunua breki nzuri za waya zenye mipira mipana, mbele na nyuma. Kwa sababu hiyohiyo sikushauri kupanda nayo Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Kupanda itapanda kwa msaada wa miguu, lakini kuteremka kutoka kwenye milima ile kwa breki za baiskeli ni jambo ambalo sitamwombea mtu.

Anayekwenda taratibu hupitwa, na lori likikupita karibu linakuyumbisha. Funga kioo cha pembeni upande wa kulia, vaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, shika kushoto lakini usiishie kwenye ukingo wa lami uliomeguka. Ukisikia basi nyuma na mbele kuna gari linakuja, toka kabisa uwapishe. Hujapoteza kitu, safari yako haikuwa ya kuwahi. Mimi hupenda kutoka baada ya sala ya alfajiri, barabara ikiwa bado tulivu, au alasiri jua likishavunjika.

Wanaouliza kuhusu baiskeli ya umeme nawaambia wainunue bila wasiwasi kama nyumbani kuna umeme wa uhakika. Haina moshi, haina kelele, na Ulaya sheria yenyewe inataka mota isiyozidi wati 250 na isiyosaidia tena ukivuka kilomita 25 kwa saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 inabeba wati-saa 360. Ukienda 20 huku unapiga pedeli kidogo inaweza kukufikisha karibu kilomita 40. Ukiikimbiza, umbali huo unapungua vibaya. Betri usiiache juani. Joto letu linaiua.

Lakini iwe ya petroli au ya umeme, kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote: inaweza kuacha kuwa mashine wakati wowote. Ukikuta turubai la msiba kando ya njia, unazima injini na kupita kwa pedeli, kimya, ukitoa pole. Karibu na msikiti wakati wa sala, vivyo hivyo. Na swahiba wangu mwenye baiskeli ya kawaida tunatoka pamoja. Kwenye 15 tunazungumza njia nzima, naye akichoka nambebea mzigo kwenye karia yangu.

Kama unaishi Tanga na umefunga injini juzi, safari ya kwanza nenda mapango ya Amboni. Ni kilomita kama 8 tu kaskazini mwa mji, kwa hiyo hata ikikuzimikia unarudi kwa miguu yako. Ukishaizoea, nenda Tongoni, kama kilomita 20 kusini kwenye barabara ya Pangani. Kuna magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya Waswahili wa kale, mengine yana nguzo. Bahari ya mbele yake ndiyo ambako Vasco da Gama, mwaka 1499, aliichoma merikebu yake São Rafael kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Wenye magari wengi hukipita kibao cha Tongoni bila kukiona. Kwa mwendo wetu utakiona mapema, na utapata wa kumuuliza njia.

Nenda wakati wa kusi. Upepo utakupinga asubuhi, wewe na injini mkiwa na nguvu, na petroli ikikuishia wakati wa kurudi utaupata mgongoni.